GMAT: thamani kamili kwa kamba ya mbuzi

Ninaowafundisha jioni kwa ajili ya GMAT (mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara) wengi ni wahasibu na watu wa benki, aljebra waliiaga kidato cha nne. Wakiona |2x − 7| < 5 mkono unakimbilia kuandika kesi mbili, chanya huku, hasi kule, geuza alama. Njia hiyo ni sahihi, ila ina mahali pengi pa kuteleza, na sehemu ya hesabu ni maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo. Mimi nataka usome zile fito mbili, | |, yaani alama ya thamani kamili, kama umbali.

|x − 3| ni umbali kati ya x na 3. Basi. Na |x + 3| ni umbali kutoka −3, maana x + 3 ni x − (−3). Iandike hivyo kwa kirefu mpaka uzoee, kwa sababu kosa la hapa halitibiki huko mbele.

Sasa chora mstari wa namba, chomeka kigingi, funga mbuzi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake (wala rushwa wameuchafua msemo huu, lakini kwenye hesabu hauna neno). Kwa |2x − 7| < 5, gawanya kote kwa 2 ili x ibaki peke yake: |x − 3.5| < 2.5. Kigingi kipo 3.5, kamba ni 2.5. Kushoto inaishia 1, kulia 6. Jibu: 1 < x < 6. Wakiuliza namba kamili ni ngapi, ni 2, 3, 4 na 5, yaani nne. Mwenye haraka atajumuisha 1 na 6 humo, apate sita, na usishangae ukiikuta sita kwenye machaguo. Wakikuandikia |7 − 2x| usibabaike, umbali ni uleule.

Alama ikiwa "kubwa kuliko", mbuzi yuko nje ya kamba. |x + 3| ≥ 4: kigingi −3, kwa hiyo x ≤ −7 au x ≥ 1. Vipande viwili, na neno "au" katikati. Ukiandika 1 ≤ x ≤ −7 umeandika kitu kisichokuwepo.

Swali la kinyume ndilo ninalolipenda. Wanakupa −2 ≤ x ≤ 8, wanataka lenye fito. Katikati ni 3, kutoka hapo hadi ncha ni 5: |x − 3| ≤ 5. Hata |x − 2| < |x − 8| halihitaji kesi: x iko karibu na 2 kuliko 8, katikati yake ni 5, basi x < 5.

Upande wa pili ukiwa namba hasi, usihesabu chochote. |x − 4| < −1 haina jibu. |x − 4| > −1 ni namba zote.

Kamba inakatika pale x inapokuwa nje ya fito pia, kama |x − 6| > 2x. Urefu wake unabadilika kila x inapobadilika, kwa hiyo hapo rudi kwenye kesi mbili. x ikiwa 6 au zaidi: x − 6 > 2x, yaani x < −6, haiwezekani. Ikiwa chini ya 6: 6 − x > 2x, yaani x < 2. Jaribu 0: 6 > 0, sawa. Jaribu 3: 3 > 6, hapana. Jaza x < 2, nenda swali linalofuata.