Namna ya Kupiga Kambi ya Ghafla na Familia Kando ya Ziwa la Mbali

Familia inayoamua asubuhi kwamba usiku italala kando ya ziwa, mbali na umeme, bomba na mnara wa simu, hudhani kuwa kitakachoipungukia ni vifaa. Kwa jinsi nilivyozizoea safari hizi, nikiwa na watoto wa umri mbalimbali na mara nyingi bila maandalizi ya zaidi ya saa chache, kinachopungua kwanza ni mwanga wa jua. Kigingi kilichosahaulika huchongwa kwa kijiti, na sufuria moja hupika kila kitu. Lakini saa moja ya mwanga iliyopotelea dukani au barabarani hairudi, nayo ndiyo mliyoihitaji ili mchague mahali pa kulala, myatazame maji yalivyo na kuwaonyesha watoto mipaka yao. Kwa sababu hiyo hatua zifuatazo nimezipanga kwa kufuata saa hizo, tangu uamuzi unapofanywa hadi moto unapozimwa siku ya kurudi.

Hatua ya 1: Anzeni na machweo, kisha mhesabu kurudi nyuma

Tafuteni saa ya jua kuzama katika eneo mnalokwenda, kisha mtoe saa mbili. Huo ndio wakati wa mwisho wa kufika. Ikiwa jua linazama saa 12:30 jioni, gari liwe limesimama ziwani saa 10:30. Toeni tena muda wa safari, mkiuongeza kwa nusu yake ikiwa sehemu ya mwisho ni barabara ya vumbi, na mtoe nusu saa nyingine ya kusimama njiani, maana watoto hawasafiri kwa ratiba ya ramani. Mkikuta kwamba saa ya kuondoka imekwisha kupita, laleni nyumbani na muondoke alfajiri. Niliwahi kuikaidi hesabu hii: tulifika gizani, tukasimamisha hema kwa mwanga wa taa za gari mahali palipoonekana tambarare na laini, na saa nane usiku mvua ilipoanza tukatambua kwamba ulaini ule ulikuwa wa mchanga wa mkondo wa maji. Hakuna aliyeumia, ila hakuna aliyelala.

Mkiwa bado mnatafuta mahali, kiganja chatosha kuwa saa. Nyoosha mkono mbele yako na kuweka vidole kwa ulalo kati ya upeo wa macho na ukingo wa chini wa jua, bila kulikazia jua macho. Kila kidole ni takriban dakika 15, na vidole vinne ni kama saa moja. Ni makadirio tu, kwa kuwa mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari na kuchelewa, na penye milima kivuli hufika mapema. Karibu na ikweta, giza hutanda ndani ya takriban nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo msiyategemee machweo kuwa muda wa kazi.

Hatua ya 2: Mwachieni mtu mmoja habari zilizoandikwa

Mtumieni ndugu au rafiki ujumbe wenye jina la ziwa, upande wa ziwa mtakaokuwa, njia mtakayopita, idadi ya watu na namba ya gari. Kisha mwandikieni saa mbili tofauti: saa mnayotarajia kurudi kwenye mtandao, na saa ambayo, akiwa hajasikia lolote, anapaswa kuomba msaada. Saa hii ya pili ndiyo inayoachwa na wengi, na bila hiyo mtu muungwana atasubiri kwa adabu hadi kesho yake. Mkibadili ziwa njiani, mwambieni kabla mtandao haujakatika, kwa sababu katika safari ya ghafla yeye ndiye pekee anayejua mlipo.

Pakueni ramani ya eneo mkiwa bado nyumbani. GPS ya simu hupokea mawimbi ya setilaiti na huonyesha mahali mlipo hata pasipo mtandao, mradi ramani imo ndani ya simu. Simu ikae katika hali ya ndege, kwa kuwa simu inayotafuta mnara usiokuwapo huimaliza betri upesi. Penye mtandao hafifu, jaribuni ujumbe mfupi wa maandishi, ambao mara nyingi hupita pale ambapo sauti imeshindwa. Na katika nchi nyingi namba 112 huunganishwa kupitia mnara wa kampuni yoyote iliyo karibu, hata kama si kampuni yenu.

Hatua ya 3: Fungasheni kwa kuufikiria usiku mzima

Orodha ndefu humchanganya mwenye haraka. Mimi hukaa chini dakika tano na kuupitia usiku akilini, tangu jua linapozama hadi linapochomoza, nikijiuliza kila mtu atalalia nini, ataona kwa nini, atakunywa nini na akijikata tutafanya nini. Majibu ya maswali hayo hupakiwa kwanza. Viti, michezo na vyombo vya ziada huingia nafasi ikibaki.

Katika malazi, kinachosahaulika ni kilicho chini ya mwili. Ardhi hunyonya joto la mtu usiku kucha, na blanketi lililogandamizwa chini ya mgongo halina hewa ya kuzuia baridi, hivyo godoro jembamba la povu chini ya mtoto huwa na faida kuliko blanketi la pili juu yake. Kila mtu awe na seti moja ya nguo kavu iliyofungwa katika mfuko wa plastiki, ambayo haiguswi hadi wakati wa kulala.

Kuhusu umeme, ukweli ni kwamba familia huhitaji kidogo sana. Tochi ya kichwa kwa kila mtu mzima na kila mtoto anayeweza kutembea peke yake, pamoja na betri moja ya akiba ya mAh 10,000, ambayo hushika takriban Wh 37 na kuchaji simu ya kawaida kama mara mbili baada ya upotevu wa nguvu, hutosha kwa usiku mbili. Msiitumie betri ya gari kuwasha taa na kuchaji simu injini ikiwa imezimwa, maana ndiyo itakayowarudisha nyumbani.

Hatua ya 4: Maji ya kunywa

Bebeni maji safi ya siku ya kwanza yote, hata kama mnakwenda kulala kando ya ziwa lenye maji yasiyokwisha. Kadirieni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na zaidi kukiwa na joto kali. Familia ya watu wanne hubeba lita 16 na hivyo hulala bila kulazimika kusafisha tone la maji usiku. Chupa chache zilizogandishwa huwa barafu ya kutunzia chakula leo na maji ya kunywa kesho.

Maji ya ziwa hayanywewi bila kutibiwa, hata yakiwa maangavu kama kioo. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchemsha: yaache maji yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Hilo huua bakteria, virusi na vimelea. Kichujio cha mkononi chenye matundu ya mikroni 0.1 huzuia bakteria na vimelea, lakini virusi vilivyo vidogo zaidi hupita. Klorini ya majumbani isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, hutumika kwa matone 2 katika kila lita ya maji maangavu, na maji husubiriwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Udhaifu wake ni kwamba haimwezi kimelea aitwaye Cryptosporidium. Kwa hiyo anayechuja kisha akatia klorini amefunga milango mingi kuliko anayetumia moja tu kati ya hizo. Maji yenye tope yaachwe yatuame na kupitishwa kwenye kitambaa safi kwanza.

Kuna maji ambayo hata kuchemsha hakuyafai. Mkiona ziwa limefunikwa na utando wa kijani au wa kijani-buluu unaofanana na rangi iliyomwagwa, huo huenda ni mlipuko wa sianobakteria, yaani bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na sumu zake haziondolewi na moto wala klorini. Msinywe, msioge, msimruhusu mbwa kunywa, na kama maji ya akiba hayatoshi, ondokeni. Ndiyo maana ninasisitiza mfike kukiwa na mwanga: rangi ya maji haionekani kwa tochi.

Hatua ya 5: Kuchagua mahali pa hema

Kila mtu hutaka hema liguse maji, nami huwakatalia. Hema likae angalau mita 60 kutoka ukingoni, na juu kidogo ya usawa wa ziwa. Umbali huo huwaepusha na mbu wengi na unyevu wa alfajiri, huwaachia wanyama njia ya kwenda kunywa, na humpa mzazi nafasi ya kuamka kabla mtoto aliyetoka hemani hajayafikia maji. Penye viboko au mamba, mita 60 hazitoshi. Hapo haipigwi kambi bila ushauri wa wenyeji.

Tazameni juu kabla ya kutazama chini: tawi kavu lililoning'inia ni sababu tosha ya kuhama. Kisha tafuteni alama za maji ya mvua, kama vile majani na vijiti vilivyojipanga kwa mstari. Epukeni bonde dogo hata kama ni kavu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hutuama humo usiku.

Upepo wa ziwani una tabia ya kubadili upande. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani; usiku mambo hugeuka na upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini. Moto uliowekwa kwa kufuata upepo wa jioni unaweza kuwatia moshi hemani baada ya saa chache, kwa hiyo uwekeni ubavuni mwa hema, si mbele wala nyuma yake.

Hatua ya 6: Watoto na maji

Kabla mzigo haujashushwa, tembeeni ufukweni pamoja na watoto na mwaonyeshe kwa mkono: kutoka jiwe hili hadi mti ule, na hakuna anayevuka bila mtu mzima. Mtu mzima mmoja, anayetajwa kwa jina, ndiye mlinzi. Hapiki, hashiki simu, na akichoka humkabidhi mwingine kwa kutamka. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala kupunga mikono, kwa hiyo wazazi watano wanaotazama nusu nusu ni wachache kuliko mmoja anayetazama kweli. Asiyejua kuogelea huvaa jaketi okozi hata akiwa kwenye maji ya magotini.

Maboya ya kupuliza siyapendi. Asubuhi, upepo unapotoka nchi kavu, boya jepesi husukumwa kuelekea katikati ya ziwa kwa kasi inayomshinda mtu mzima anayeogelea. Nimelipoteza moja kwa namna hiyo, nami hushukuru kwamba halikuwa na mtu juu yake.

Katika nchi za joto, maziwa ya maji yasiyo na chumvi yanaweza kuwa na kichocho, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Penye magugu na konokono, watoto wachezee nchi kavu.

Hatua ya 7: Moto, chakula na choo

Chakula cha usiku wa kwanza kiwe kimepikwa nyumbani na kinahitaji kupashwa tu. Vinavyoharibika vikae katika kasha lenye barafu. Vikikaa nje kwa zaidi ya saa 2, au saa 1 katika joto la juu ya nyuzi 32, vitupwe. Mabaki yote yafungiwe ndani ya gari, kamwe si hemani.

Moto uruhusiwe na sheria za eneo, uwe mdogo, na uzungukwe na ardhi tupu ya mita 3. Jiko la mkaa au la gesi haliingizwi hemani hata kama baridi inatesa, maana kaboni monoksidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka majini na kutoka kambini, linalofukiwa baada ya matumizi. Umbali huo huo hutumika kuogea na kuoshea vyombo kwa sabuni, hata ile inayosemwa kuwa huoza.

Hatua ya 8: Ngurumo zikianza

Hesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na mngurumo. Kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, kila mtu aondoke majini na aingie ndani ya gari lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, akae humo hadi dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Hema halikingi radi, na mti mrefu ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko hema.

Hatua ya 9: Kuondoka

Anzeni kufungasha saa mbili kabla ya muda mliopanga. Zimeni moto kwanza, kabla ya hema, ili upate muda wa kupoa mkiwa bado mpo: mwagieni maji, korogeni majivu, mwagieni tena, kisha sogezeni mgongo wa kiganja juu yake. Mkihisi joto lolote, rudieni. Takataka zote huondoka nanyi, yakiwamo maganda ya matunda. Mtandao ukirejea barabarani, simamisheni gari na mpigieni yule mliyemwachia habari kabla hamjafungua ujumbe mwingine wowote.