Gari la zamani likiitwa na kiwanda: mambo ya kuzingatia kabla hujapuuza

Ukisikia kampuni inaita magari ya aina yako yarudi kurekebishwa ubovu wa kiwandani, na lako lina miaka 20, wazo la kwanza ni kwamba hilo limeshakula chumvi nyingi. Ubovu wa kiwandani ungekuwepo ungeshajitokeza. Kwa bawaba ya mlango au redio, sawa. Kwa eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali) zilizotengenezwa na Takata, kampuni ya Japani, ni kinyume kabisa: kadiri gari linavyozeeka ndivyo hatari inavyokua.

Kinachojaza eabegi ya Takata ni vidonge vya amonia nitrati, kemikali ile ile ya mbolea. Aliyewahi kuacha mfuko wa mbolea wazi wakati wa masika anajua unyevu unavyoiharibu. Ndani ya kopo la chuma lililomo kwenye usukani au dashibodi, joto na unyevu wa miaka mingi huvichakaza vidonge hivyo. Siku ya ajali vinaungua kwa kasi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake eabegi zilizoitwa ni takriban milioni 67, na majimbo yenye joto na unyevu kama Florida yalipewa kipaumbele. Sasa fikiria gari linalolala nje Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari kama 50,000 huko Marekani, zikiwemo Corolla za 2003 na 2004, waache kuyaendesha hadi yatengenezwe. Hayo ni magari ya rika la yetu.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, tafuta namba ya chasisi. Ipo kwenye kadi ya gari, na kwa magari mengi ya Japani pia kwenye kibati ndani ya boneti. Usiishie kwenye jina la gari, maana Vitz mbili zinazofanana kama pacha zinaweza kuwa moja imeitwa na nyingine haimo. Usihangaike pia na tovuti za Kimarekani: zinataka namba yenye tarakimu na herufi 17, ilhali gari lililouzwa Japani lina namba fupi yenye kistari katikati. Ingia kwenye tovuti ya kampuni husika ya Japani. Ni ya Kijapani tupu, lakini simu itakutafsiria, na sehemu ya kuandika namba inajulikana tu.

Huenda kazi ilishafanyika kabla gari halijapanda meli. Tangu Mei 2018 Japani ilianza kuyakatalia ukaguzi wa lazima magari yenye eabegi za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Fungua mlango wa dereva, angalia karibu na pale mlango unapojifungia; mara nyingi hubandikwa stika ndogo yenye namba gari likishatengenezwa. Ila uliza ilibadilishwa lini na kwa kifaa gani, kwa sababu baadhi ya eabegi za mwanzo zilibadilishwa kwa nyingine za aina ile ile, zikaja kuitwa tena.

Ikionekana bado, mpigie wakala wa kampuni kabla ya kupeleka gari. Muulize mambo matatu: je, anapokea gari lililoagizwa Japani na mtu binafsi, kifaa kipo au kinaagizwa, na nani analipa. Usichukulie kwamba ni bure kwa vile Japani ni bure. Mwombe akujibu kwa maandishi.

Kuna kitu kimoja watu hukisahau. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya eabegi. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shtuka. Vitz niliyoinunua mkononi mwa mtu haikuwahi kuonyesha taa hiyo, nami nikadhani ndiyo uzima. Fundi alipofungua spidomita tukakuta taa imezibwa kwa tepu nyeusi ya umeme. Eabegi ya abiria ilishafumuka zamani, mfuniko wake umerudishwa kwa gundi. Nilikuwa nahangaika na wito wa kitu ambacho hakimo.

Hapo ndipo kishawishi cha kununua eabegi ya mtumba kinapokuja. Iache. Imetoka kwenye gari lililogongwa, la umri ule ule, na kopo lake linaweza kuwa lile lile unalolikimbia. Wala usimruhusu fundi wa chini ya mwembe aifungue kwa bisibisi huku betri imeunganishwa.

Wakati unasubiri kifaa, soma vizuri iliyoitwa ni ya upande gani. Ikiwa ni ya abiria, kiti hicho kibaki kitupu, hata kama shangazi amezoea kukaa mbele. Ikiwa ni ya dereva, kama una usafiri mwingine gari lipumzike. Wito ukisema usiendeshe, usiliendeshe hata hadi gereji. Liende kwa kuvutwa.

Ukishatengenezewa, karatasi ya kazi iweke pamoja na kadi ya gari. Siku ya kuuza, mnunuzi mjanja ataiulizia kabla hata hajaomba kulijaribu gari.