Sharti la C linalopitisha dagaa kama sangara

Wanaojifunza C, ile lugha ya kuandikia programu, hili limenila jioni nzima. Nilikuwa naandika kiprogramu cha kupanga samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa urefu, nikitaka kundi la sangara wa sentimita 50 hadi 85. Nikaandika kama tulivyozoea kwenye hesabu:

if (50 <= urefu <= 85)

Kila samaki akapita. Nikajaribu 6, urefu wa dagaa, naye akapita!

C haisomi hivyo. Inaanza kushoto: 50 <= urefu inatoa jibu 1 (kweli) au 0 (si kweli). Kisha jibu hilo, siyo urefu, ndilo linalolinganishwa na 85. Sasa 0 au 1 itazidi 85 lini? Sharti linakuwa kweli daima. Ukitokea lugha ya Python utanaswa haraka zaidi, maana kule sharti la namna hii linakubalika.

Andika pande mbili, uziunge kwa alama ya 'na', &&:

if (urefu >= 50 && urefu <= 85)

Na ukikompaili (kugeuza msimbo uwe programu) kwa kompaila ya gcc, weka -Wall, chaguo la kuwasha maonyo. Kosa hili inalionya yenyewe. Mimi nilikuwa siiweki, uvivu tu.