Vifaa vya tezhip: dhahabu nunua mwisho

Mtu akishaona kurasa za misahafu ya zamani, yale maua ya dhahabu yaliyojikunja juu ya bluu iliyokolea, swali la kwanza huwa hilo hilo, dhahabu napata wapi. Simlaumu mtu, maana hata jina la sanaa yenyewe, hii ya kupamba kurasa kwa dhahabu na rangi, ni dhahabu tupu, Waarabu wanaiita tadhhib, Wairani tazhib, Waturuki tezhip, na sikio la Mswahili halihitaji kamusi hapo. (Ukitafuta vifaa mtandaoni tafuta kwa majina yote hayo, na hata zile nchi tano zilizopeleka sanaa hii UNESCO ikaingia kwenye orodha ya urithi mwaka 2023, yaani Azerbaijan, Iran, Tajikistan, Uturuki na Uzbekistan, kila moja ina jina lake au namna yake ya kuliandika.) Ila mi ntakwambia kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeokoa hela nyingi: dhahabu nunua mwisho. Anza na karatasi, afu brashi, afu rangi chache sana, dhahabu ije ikute wenzake washakaa sawa.

Mi nlifanya kinyume. Nlinunua dhahabu halisi, nikahangaika kuisaga siku nzima, afu nikaipaka kwenye karatasi ya rangi za maji, ile nene yenye mabondebonde ambayo wachoraji wa mandhari wanaipenda. Karatasi ikainywa yote. Likabaki doa la kahawia limelala tu pale, halina uhai, nikasema labda nikilisugua na jiwe la kung'arishia litang'aa, jiwe likaanza kuparua karatasi ikatoa manyoya kama sweta kuukuu. Dhahabu haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo karatasi. Unachotafuta ni uso laini uliofungwa, yaani rangi ikae juu isizame. Mafundi wa zamani walikuwa wanaifunga wenyewe kwa kitu kinaitwa ahar: kwanza karatasi inatiwa rangi kwa majani ya chai au maganda ya komamanga au ya kitunguu, ili weupe usiumize macho, ikikauka inapakwa uji mwepesi wa wanga, afu juu yake ute wa yai. Baada ya hapo inasuguliwa na jiwe mpaka iwe kama kioo, na inalazwa miezi kadhaa, wengine mwaka na zaidi, kabla haijaguswa. Faida yake utaiona siku ya kwanza ukikosea, unalowesha brashi kidogo unafuta kosa linatoka, wakati kwenye karatasi ya kawaida kosa ni la milele.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe inawezekana na sio ghali, ni subira tu. Ute wa mayai unauweka kwenye bakuli, unauchanganya kwa kuuzungusha na kipande cha shabu, ile shabu ya kawaida ya jiwe, mpaka unatoa povu na unaanza kuwa mwepesi kama maji. Acha utulie, toa povu la juu, chuja kwa kitambaa, paka kwa sponji mara moja kwa kulala, ikikauka paka tena kwa kusimama. Hapa ndo watu wanaharibu: ukishapaka yai usiisahau kabatini, isugue na jiwe ndani ya wiki moja hivi, ukichelewa yai linakauka kabisa linakuwa gumu na ukilisugua linapasuka vipande vipande.

Kama unanunua iliyo tayari, omba kipande cha pembeni ujaribu. Dondosha tone la maji. Likisimama kama shanga kwa sekunde kadhaa, karatasi imefungwa vizuri, likitoweka mara moja, rudisha. Afu inamishe kwenye mwanga uiangalie kwa ubavu, utaona mistari ya brashi na sehemu zilizorukwa. Na ikunje taratiiibu kwenye kona, ukisikia kama inavunjika au ukaona nyufa nyembamba, aliyeitengeneza alichelewa kuisugua. Ukikosa kabisa karatasi ya ahar, chukua ya pamba asilimia 100, isiyo na asidi, aina ya hoti presi ambayo imebanwa kwa joto kiwandani ikawa laini, uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Sio sawa na ahar, ila kujifunzia inatosha kabisa na haitakuaibisha.

Sasa brashi, na hapa kuna uongo mmoja mkubwa unazunguka: kwamba kwa kuwa mistari ni myembamba kama unywele basi ununue brashi ndogo kuliko zote, zile za sifuri tano. Usinunue. Brashi ya namna hiyo haina tumbo, inabeba rangi ya nusu sentimita tu, unachora kidogo imekauka, unachovya tena, mstari unakuwa na viungo kama muwa. Mstari mwembamba unatoka kwenye ncha wala hautoki kwenye namba. Brashi namba 1 yenye ncha kali na tumbo la kubeba maji itakupa mstari mwembamba kuliko hiyo sifuri tano, na utaenda nao mbali bila kunyanyua mkono. Mi natumia sifuri tatu kwa vitu vidogo kweli kweli, mishipa ya jani au nukta, basi.

Zamani Iran walitumia manyoya ya paka, India mkia wa kindi. Siku hizi inayosifiwa ni kolinski, mnyama wa jamii ya kicheche. Wapo Waislamu wanaoona shida kutumia manyoya yake kwenye kazi ya msahafu, hilo muulize unayemwamini kwa dini, ila jua tu kwamba za sintetiki zimeboreka sana na unaweza kufanya kazi safi nazo, tatizo lao ncha inapinda mapema kwa hiyo utanunua mara nyingi. Dukani ijaribu na maji. Brashi mpya inakuja imekakamaa kwa gundi, ioshe gundi itoke, ipige mkupuo mmoja wa kiganja, afu itazame: manyoya yote yakutane kwenye ncha moja bila wewe kuyapanga kwa vidole wala mdomo. Ibonyeze kwenye ukucha wa dole gumba iachie, irudi wima. Ikibaki imelala kama mtu wa Jumatatu asubuhi, iache hapo hapo.

Ukipata mbili nzuri na moja ya hovyo umemaliza. Moja nzuri ya dhahabu peke yake, usiichovye kwenye rangi nyingine maisha yake yote, nyingine nzuri ya tahriri, yaani ule mstari wa kuzungushia maua na majani, na ile ya hovyo ya kuchanganyia rangi na kujazia sehemu kubwa. Anayechanganya rangi kwa brashi ya tahriri hana uchungu na hela.

Rangi sitaki zikuchukulie muda maana unahitaji tano au sita. Mfalme ni bluu. Ile ya zamani ilikuwa jiwe la lapis lazuli kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, limesagwa na kusafishwa, na mpaka leo ni ghali. Ila tangu miaka ya 1820 Wafaransa walipojua kuitengeneza kiwandani kuna ultramarini ya bei ya kawaida, na kikemia ni kitu kile kile. Kwenye tyubu tafuta kodi, yaani namba ya rangi, PB29. Hii tabia ya kusoma kodi nyuma ya tyubu ndo ikushike, jina la mbele ni la biashara tu, kodi ndo inasema kilichomo. Ongeza nyekundu ya udongo PR101, njano ya udongo PY42, nyeupe PW6, nyeusi ya kaboni PBk7, na nyekundu moja kali kama PR254. Kijani changanya mwenyewe. Na angalia alama ya kuhimili mwanga, zile pinki na zambarau zinazowaka sana kwenye gwashi (rangi nzito ya maji isiyopitisha mwanga) za wabunifu wa matangazo zinapauka mapema, unaweka kazi ukutani baada ya mwaka waridi limekuwa jeupe.

Kuna watu wanataka kila kitu kiwe cha asili kama zamani, unga wa mawe na kadhalika. Sawa, nawaelewa, ila jua unachokishika. Nyekundu ya zamani ya vemilioni ina zebaki, njano ya mawe iliyopendwa Iran ina aseniki, nyeupe yao ilikuwa ya madini ya risasi. Kijani cha kutu ya shaba chenyewe kinakula karatasi, na Wairani walikuwa wanakitia zafarani kukituliza. Ukishika unga wa rangi yoyote vaa barakoa na usile mezani. Anayeanza achukue gwashi ya tyubu ya daraja la wasanii, ambayo imeshikanishwa na gamu arabika, ile gundi ya mti wa jamii ya mgunga. Akriliki hapana, ikikauka ni plastiki, hairudi kwenye maji, kosa halifutiki na brashi yako ya bei mbaya inakufa siku hiyo hiyo. Kuna gwashi nyingine zimeandikwa gwashi lakini ndani ni akriliki, soma vizuri.

Haya, dhahabu. Kuna ya kweli na kuna shaba iliyochanganywa na zinki ikafanana nayo, hiyo ya kuigiza inaanza vizuri sana afu baada ya muda inageuka kijani au nyeusi, na inaharibu karatasi chini yake. Kuna pia ya tyubu iliyotengenezwa kwa madini ya maika, hiyo haibadiliki rangi lakini hata uisugue mpaka kesho haing'ai kama chuma, itumie kufanyia mazoezi ya mkono na wala usione aibu. Ya kweli nunua karati 22 kwenda juu. Msahafu wa Sultani Baybars ulioandikwa Cairo kati ya 1304 na 1306, uko British Library London, umeandikwa kwa dhahabu na bado inang'aa. Fedha usiguse, kwenye michoro ya zamani ya Iran mito iliyopakwa kwa fedha leo ni mieusi tii.

Dhahabu inakuja kwenye kitabu kidogo cha majani, yaani vipande vyembamba mno vya dhahabu, kawaida 25, na hapa uliza swali moja tu: ni majani huru au yamegandishwa kwenye karatasi? Ya kusaga ni yale huru. Unaweka matone machache ya asali au gamu nzito kwenye sahani ya kaure isiyo na maua, unashusha jani moja linajikunja lenyewe, unalikandamiza kwa ncha ya kidole na kuzungusha, jani la pili, la tatu. Mwanzo utaona vipande vinang'aa kama magamba ya samaki, ukiendelea vinapotea, mchanganyiko unakuwa wa kahawia kama matope na utadhani umeiharibu. Hujaiharibu, endelea, saa mbili tatu, kidole kikikaza ongeza tone la maji. Afu unamimina maji ya distilidi, unachuja kwa kitambaa cha hariri, unaacha itulie usiku, asubuhi dhahabu imelala chini na maji ya asali yako juu unayatoa.

Kuipaka inahitaji jelatini ya kuishikisha, nyepesi sana, ukigusanisha vidole viwili vinanata kidogo tu na kuachia. Ikizidi dhahabu inakuwa nyeusi na haisuguliki, ikipungua inatoka na mkono. Na hapa soma paketi vizuri, jelatini nyingi ni ya nguruwe, na we unapamba neno la Mwenyezi Mungu, chukua ya ng'ombe halali au ya samaki. Ikikauka isugue na jiwe la akiki, moja kwa moja ikiwa unataka mng'ao wa kioo, au weka karatasi laini katikati ikiwa unataka ubaki umetulia. Jiwe lenyewe lipitishe kwenye ukucha kabla ya kununua, ukihisi mkwaruzo hata mdogo usilichukue.

Vingine ni vya kawaida: bikari isiyolegea, rula ya chuma, penseli ngumu 2H au 4H, karatasi ya kupenyeza mwanga ya kutobolea mchoro kwa sindano, na unga wa mkaa kwenye kitambaa wa kupigapiga juu ya matundu ili mchoro uhamie kwenye karatasi yako. Mistari ya fremu piga kwa ile kalamu ya meno mawili yenye skrubu. Chini ya mkono weka karatasi kila wakati, jasho na mafuta ya ngozi yanakataa dhahabu.

Na yale maji ya mwisho ya kuoshea sahani na brashi ya dhahabu usimwage, yaweke kwenye chupa yenye mfuniko, yakiwa mengi yaache yatulie siku mbili tatu. Mi ya kwangu ya mwaka mzima ilinitoshea kupaka waridi mbili.