SOMO: Kwa nini ,@ inakuachia nukta kwenye orodha ya Emacs Lisp

Wakuu, hili nimeulizwa tena na tena: ,@ ni alama ya kumimina vipengele vya kitu ndani ya orodha iliyoanzwa na `, lakini wakati mwingine haimimini. Naliandika mara moja, kuanzia leo natuma kiungo tu.

1. Fungua M-x ielm (dirisha la kujaribia Emacs Lisp).
2. Andika (setq x [2 3]). Mabano ya mraba ni vekta (safu ya vitu), si orodha.
3. Andika `(1 ,@x 4). Unapata (1 2 3 4).
4. Ondoa ile 4: `(1 ,@x). Sasa unapata (1 . [2 3]): nukta inamaanisha mkia ni vekta yenyewe, haikufunguliwa.

Hapa ndipo nilipoumia. Data yangu ilitoka kwenye json-parse-string, kazi inayosoma data ya JSON, ambayo usipoiambia vingine hugeuza orodha ya JSON kuwa vekta. Nikaipachika mwishoni mwa orodha ya mafaili ya kunakili, nikaipitisha kwenye dolist, inayopitia orodha kipengele kimoja kimoja. Faili la kwanza likanakiliwa vizuri, kisha: Wrong type argument: listp. Siku mbili nachokonoa dolist, kumbe kosa lilizaliwa juu kabisa, kwenye koma. Andika (macroexpand '`(1 ,@x)) uone ` inageuzwa kuwa kodi gani: (cons 1 x), yaani bandika 1 mbele ya x. Hakuna cha kufungua vekta hapo. Ikikaa katikati kazi hupewa append (ya kuunganisha orodha), nayo hufungua kila kitu isipokuwa cha mwisho. Cha mwisho hukibandika kilivyo.

TAHADHARI: stringi nayo hufunguliwa. `(1 ,@"ab" 2) inakupa (1 97 98 2), yaani namba za herufi a na b, bila kulalamika hata kidogo.

5. Dawa: `(1 ,@(append x nil)). Nil inakaa mwisho, vekta inafunguka.

MASWALI

kipanga: Mkuu kwangu inagoma.
— Umeandika nini, imejibu nini?
kipanga: `(1 ,@x)
— Hiyo ni hatua ya 4. Soma ya 5.

binti_mabano: Shikamoo mwalimu. Common Lisp nako ni hivi?
— Marahaba. Swali zuri sana. Mwishoni ni vilevile, (1 . #(2 3)). Katikati SBCL (mojawapo ya programu za kuendesha Common Lisp) inakataa, maana append ya kule haifungui vekta. Tumia (coerce x 'list). Clojure ndiyo imetulia: ~@ hufungua vekta popote ilipo.

fundi_makro: Si bora kuomba orodha tangu kwenye JSON?
— Ni bora, na ndivyo nafanya siku hizi: (json-parse-string s :array-type 'list). Ila orodha inayokaa mwisho hainakiliwi. `(1 ,@y) na y zina mkia mmoja, ukiugusa kwa setcar (kubadilisha kipengele palepale), y nayo imebadilika. Ukitaka kuubadilisha, weka ,@(copy-sequence y).
fundi_makro: Aisee, hiyo ndiyo iliyoniharibia menyu yangu juzi.