Kuunganisha konsoli ya gemu na deki kwenye hom thieta

Kabla ya kushika waya wowote, geuza hom thieta yako uone mgongo wake. Tundu lililoandikwa HDMI IN linapokea, la HDMI OUT linatoa. Hom thieta nyingi zinazouzwa kwa seti, pamoja na spika zake na mlango wa diski, zina tundu moja tu la HDMI, nalo ni OUT. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilichomeka konsoli hapo, nikahangaika saa nzima. Wasemaji wawili, msikilizaji hakuna.

Kwa hiyo hesabu IN zako kwanza. Zikiwapo, anza na hatua ya 1 na uendelee. Kama hakuna hata moja, fanya ya 1 kisha uruke hadi ya 3.

Hatua ya 1: Zima vyote, chomoa kwenye umeme. Si kwa ajili ya HDMI, ni kwa ajili ya nyaya za spika. Unyuzi mmoja wa shaba ukigusa nyekundu na nyeusi kwa pamoja, amplifaya ikiwa inafanya kazi, inaweza kuungua. Sokota ncha vizuri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Hatua ya 2: Hom thieta yenye HDMI IN. Toa waya kwenye konsoli uingize kwenye IN moja, wa deki kwenye nyingine. Halafu OUT ya hom thieta iende kwenye tundu la TV lenye maandishi ARC au eARC, yaani tundu linaloweza pia kurudisha sauti ya TV kwenye hom thieta; eARC ni toleo lake lenye uwezo zaidi. Majina kama GAME na BD/DVD ni ya kukusaidia tu kukumbuka kipi kiko wapi.

Hapa lakini pana mtego. Picha ya konsoli inapita ndani ya hom thieta kabla ya kufika kwenye TV, na hom thieta ya zamani huibana. Toleo la HDMI 1.4 linafikisha 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde; 2.0, ya mwaka 2013, inafika 60; 2.1, iliyotangazwa 2017, inafika 120. Ukiwa na PlayStation 5 au Xbox Series X na hom thieta yako ni ya umri mkubwa kuliko konsoli, mimi ningechomeka konsoli moja kwa moja kwenye TV na kurudisha sauti kwa ARC.

Deki ni habari tofauti. Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo deki ya Blu-ray ya kawaida hupita bila shida hata kwenye HDMI 1.4. Deki ya 4K ndiyo yenye kisirani: diski zake zinadai HDCP 2.2, ulinzi dhidi ya kunakili, katika kila mashine iliyo njiani, na ikikutana na mashine isiyoujua, picha ya 4K utaikosa. Baadhi ya deki hizo zina matundu mawili ya HDMI: la picha lipeleke kwenye TV, la sauti kwenye hom thieta.

Hatua ya 3: Hom thieta isiyo na HDMI IN. Konsoli na deki zote ziingie kwenye TV. Waya mmoja utoke tundu la ARC la TV hadi OUT ya hom thieta. Sauti itapita kwenye waya huo kutoka TV kuja hom thieta, kinyume na mwelekeo wa kawaida. Kwenye mipangilio ya TV washa CEC, inayowezesha vifaa vya HDMI kuamrishana, ambayo Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Kisha elekeza sauti ya TV kwenye ARC.

ARC ya kawaida ni njia nyembamba. Sauti isiyobanwa inapita ya spika mbili tu; ukitaka 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, iambie konsoli itoe Dolby, ambayo hubana sauti ipite. eARC haina shida hiyo. Pia zipo TV zisizopitisha DTS, mfumo mwingine wa kubana sauti, kwa hiyo diski yenye DTS ikiwa bubu, usikimbilie kulaumu deki.

Huna ARC? Tumia waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga, kutoka kwenye TV hadi hom thieta, maana PS5 na Xbox Series X hazina tundu hilo. Na tafadhali vua vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Nimewahi kuitwa kwa ajili hiyo tu.

Hatua ya 4: Mipangilio. Kwenye PS5, upande wa sauti, badilisha aina ya kifaa iwe AV Amplifier kama konsoli imeingia kwenye hom thieta. Kwenye deki chagua Bitstream, yaani itoe sauti bila kuifungua ili hom thieta ndiyo iifungue, halafu zima sauti ya pili, ambayo baadhi huiita BD Audio Mix. Ikiwashwa, deki huifungua sauti yenyewe ili ichanganye milio ya menyu, na Dolby Atmos yako, sauti ya Dolby inayosikika hata kutoka juu, inapotea bila taarifa.

Kwenye TV, tundu la konsoli mara nyingi huja limefungiwa uwezo; tafuta mpangilio wa HDMI wa tundu hilo uufungue. Washa hali ya gemu pia, vinginevyo utabonyeza sasa na mchezaji ataruka baadaye.

Hatua ya 5: Jaribu. Washa TV, hom thieta, kisha konsoli. Tazama kioo cha hom thieta kinasoma nini. Kikisema PCM 2.0, yaani sauti isiyobanwa ya spika mbili, wakati gemu ni ya 5.1, rudi hatua ya 4. Sauti ikitangulia midomo, ongeza ucheleweshaji kwenye hom thieta. Picha ikizimika sekunde moja na kurudi, hasa kwenye 4K ya fremu 120, shuku waya kwanza: jaribu mfupi zaidi, wenye lebo ya Ultra High Speed.