Kugawa diski ya seva ya Debian 12: gawa kidogo, bakiza akiba

Mfano wetu ni seva ya tovuti yenye hifadhidata ya PostgreSQL, RAM ya GB 16 na diski moja ya GB 500. LVM (mfumo wa Linux wa kukusanya diski na kuikata voliumu zinazoweza kupanuliwa) huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo zile 500 za kwenye boksi utaziona kama 465 hivi. Panga kwa hiyo 465.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugawa. Kama kuna seva ya zamani, endesha:

`du -xh --max-depth=2 /var | sort -h`

Tuseme hifadhidata ina GB 35 na inakua GB 2 kwa mwezi. Miaka miwili ni 48 za nyongeza, jumla 83. Usiishie hapo: VACUUM FULL, amri ya PostgreSQL ya kubana majedwali, huandika nakala mpya ya jedwali zima kabla ya kufuta la zamani, hivyo jedwali la GB 15 linadai GB 15 nyingine za muda. Weka 100.

Hatua ya 2: Patisheni mbili nje ya LVM. Tumia GPT, jedwali la patisheni la kisasa (lile la zamani la MBR linaishia TiB 2). /boot/efi ipe MB 512, FAT32. /boot ipe GB 1, ext4. Ukiibana kwa MB 200, kerneli mbili tatu pamoja na initrd zake (faili za kuanzishia mfumo) zitaijaza, na apt itakwama katikati ya kusasisha. Mashine inayowaka kwa BIOS ya zamani haihitaji /boot/efi. Inataka kipande cha MB 1 cha aina ya bios_grub, la sivyo GRUB, programu inayowasha mfumo, haina pa kukaa.

Hatua ya 3: Diski iliyobaki yote iwe kundi moja la LVM, liite vg0. Gawa kwa mkono. Ukifuata njia ya kuongozwa, kisakinishi kitauliza kitumie kiasi gani cha kundi na kupendekeza chote. Ukikubali, akiba yako imekwenda.

- / : GB 25
- /var : GB 40
- /var/log : GB 10
- /var/lib/postgresql (voliumu iite pgsql) : GB 100
- /home : GB 20
- /tmp : GB 5
- swapu : GB 8

Jumla 208. Zaidi ya GB 250 zinabaki bila mwenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Kuongeza ni amri moja, huduma zikiendelea:

`lvextend -r -L +20G /dev/vg0/pgsql`

Kupunguza ni habari nyingine. Ext4 lazima kwanza uishushe (unmount) kabisa, maana yake kuzima huduma usiku na kumwomba Mungu. XFS, mfumo mwingine wa faili, kivitendo haipungui. Utahamisha data na kuunda upya. Ndiyo maana kwenye mpango huu tunatumia ext4 kote.

/var/log inatengwa kwa sababu programu moja ikiharibika inaweza kuandika logi za GB kadhaa kwa saa moja. Zikijaa zijae kwao. PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika WAL (kumbukumbu yake ya mabadiliko) haisubiri, inajizima. /usr usiitenge, ni mazoea ya zamani, na Debian ya leo /bin ni kiungo tu cha kwenda /usr/bin.

Hatua ya 4: Baada ya kuwasha mara ya kwanza. Ext4 humtengea root asilimia 5. Kwenye / ziache, zitakuokoa. Kwenye hifadhidata ni GB 5 zilizolala bure:

`tune2fs -m 1 /dev/vg0/pgsql`

Kisha `vgs` ikuonyeshe akiba, na `df -h` ukubwa wa kila kimoja. Angalia na `df -i`: ext4 hutoa inodi moja (kila faili huhitaji yake) kwa kila baiti 16,384, na seva yenye mamilioni ya faili ndogo za barua au kache humaliza inodi huku nafasi ikiwa tele. Ujumbe ni uleule wa diski kujaa, na idadi hiyo haibadiliki ila kwa kuunda mfumo wa faili upya au kupanua voliumu.

Na `df` ikisema /var/log imejaa ilhali `du` haioni kitu, kuna mtu amefuta logi kwa `rm` na programu bado inaishikilia. `lsof +L1` itaitaja; washa upya huduma hiyo, nafasi itarudi papo hapo.